Ahadi Iliyonakiliwa: Kisa cha Meli Iliyokaribia Kubaki Bila Cheti cha Kazi za Baharini

Kisa hiki ni cha meli moja ya shehena kavu, yenye ujazo wa jumla (kipimo cha ukubwa wa meli) unaozidi kidogo 9,000 na mabaharia 19. Jina la meli, bendera, bandari, kampuni na watu nimeviondoa, na badala ya tarehe nimehesabu siku kuanzia ya makabidhiano. Mimi nilikuwa upande wa kampuni ya usimamizi, kwenye meza ya vyeti, kwa hiyo lawama nyingi zinazokuja zinapita mlangoni kwangu kabla ya kumfikia nahodha.

## Meli siku ya makabidhiano

Mambo mawili yalitokea siku moja: meli ilibadili bendera, yaani nchi ilikosajiliwa, na ikabadili msimamizi. Kati ya mabaharia 19, 11 walibaki kutoka kwa msimamizi wa zamani na 8 tuliwaleta sisi. Nahodha alikuwa mpya. Afisa mkuu wa sitaha, ambaye humu nitamwita chifu kama walivyomwita wenzake, alikuwa wa zamani na aliijua meli kuliko sisi sote.

Meli ilijengwa kabla Mkataba wa Kazi za Baharini haujaanza kutumika. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi wakisikia ukaguzi wa masilahi ya mabaharia hufikiria futi kamba na vipimo vya kabini. Kwa meli ya umri huu, ujenzi wa makazi hupimwa kwa sheria za zamani, na makazi yake yalikuwa sawa. Shida yetu haikuwa kwenye mbao wala chuma.

## Cheti kinavyopatikana

Mkataba wa Kazi za Baharini ulipitishwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Kazi Duniani, ukaanza kutumika 20 Agosti 2013. Meli yenye ujazo wa jumla 500 au zaidi inayosafiri kimataifa lazima iwe na Cheti cha Kazi za Baharini, na cheti hicho hakitembei peke yake. Kinaambatana na Tamko la Uzingatiaji lenye sehemu mbili.

Sehemu ya Kwanza huandikwa na nchi ya bendera: sheria zetu kuhusu umri, afya, mikataba ya ajira, saa za mapumziko, chakula, mishahara na mengineyo ni hizi. Sehemu ya Pili huandikwa na mwenye meli, yaani yule aliyebeba jukumu la kuiendesha, hata kama ni msimamizi tu. Humo anaeleza atafanya nini, kwa mkono wa nani, na kila baada ya muda gani, ili sheria hizo zitimizwe kila siku na si siku ya ukaguzi pekee. Mambo yanayokaguliwa ni 16. Awali yalikuwa 14. Mawili ya mwisho, dhamana ya kifedha ya kumrudisha baharia nyumbani na dhamana ya dhima ya mwenye meli, yaliongezwa na marekebisho ya 2014 yaliyoanza kutumika 18 Januari 2017.

Hati zikishakubaliwa, mkaguzi wa bendera hupanda melini. Mara nyingi huyu hutoka katika taasisi ya kuainisha meli iliyopewa mamlaka na bendera, ile ambayo mabaharia huiita klasi. Akiridhika, cheti hutolewa kwa muda usiozidi miaka 5, na katikati kuna ukaguzi mmoja wa lazima, kati ya tarehe ya mwaka wa pili na ya mwaka wa tatu.

Meli mpya, iliyobadili bendera, au iliyoingia mikononi mwa msimamizi mpya hupewa kwanza cheti cha muda. Hiki hakizidi miezi 6. Ili kukitoa, mkaguzi huangalia meli kadiri inavyowezekana, huhakikisha nahodha anayajua matakwa ya Mkataba na kwamba kampuni ina taratibu za kutosha. Tamko halidaiwi katika kipindi hicho. Mwanya huu ni wa huruma, na ndiyo sababu ni rahisi kuusinzia.

## Miezi mitano ya mwanzo

Cheti cha muda tulikipata siku ya makabidhiano. Ombi la Sehemu ya Kwanza tulilipeleka wiki ya tatu, kwa kuwa wiki mbili za mwanzo zilimezwa na vyeti vya usalama. Sehemu ya Kwanza ilifika siku ya 61.

Sehemu ya Pili niliiandika mimi, kwa usiku mbili. Kuandika ni neno kubwa. Niliichukua ya meli nyingine tuliyokuwa tukiisimamia, yenye bendera nyingine na mabaharia 23, nikabadili jina, namba ya utambulisho, jina la bendera na rejea za sheria. Kurasa 22. Klasi ilirudisha maswali mawili kuhusu rejea, nikajibu, ikakubali. Kwa macho ya karatasi hapakuwa na kasoro, kwa sababu karatasi ilikuwa imetungwa vizuri, ila kwa meli nyingine.

Ukaguzi wa melini tuliupanga siku ya 128. Siku ya 125 aliyekodi meli akaigeuza kwenda bandari nyingine kuchukua shehena, kama mkataba wa ukodi ulivyomruhusu. Mkaguzi akaahirishwa. Ofisini tukasema tutapanga tena meli ikitulia, na meli za biashara hazina desturi ya kutulia.

## Kikao cha siku ya 151

Siku ya 151 meli ilikuwa baharini, siku 9 kutoka bandari iliyofuata. Cheti cha muda kilikuwa kimebakiza siku 31. Safari iliyopangwa baada ya bandari hiyo ilikuwa ya siku 26 majini bila kituo. Ukijumlisha na siku za kupakua, cheti kingekufa katikati ya bahari.

Watu wa biashara walitaka meli iende, kisha tuombe cheti kingine cha muda. Mkataba unakataza waziwazi: miezi 6 ya kwanza ikiisha hakuna cha pili. Mwenzangu mmoja akakumbuka kwamba siku hizi kuna nyongeza ya miezi 5. Ipo kweli, iliingia kwa marekebisho ya 2016 yaliyoanza kutumika 8 Januari 2019, lakini ni ya meli iliyokwisha kupita ukaguzi wa kuhuisha cheti kamili na inayosubiri tu hati mpya ifike melini. Sisi hatukuwa na cheti kamili cha kuhuisha. Ilibaki njia moja: mkaguzi akutane na meli bandari inayofuata, na meli ipewe siku za kutosha kufunga atakachokikuta.

Kupakua kungechukua siku 4. Tuliomba siku 2 zaidi na gharama yake tukaibeba sisi, si anayeimiliki meli. Bila kukubali hilo siku ile, mkaguzi angemaliza kazi asubuhi na meli ingeondoka jioni ikiwa na orodha ya dosari mkononi.

Jambo la pili tuliloamua lilikuwa kumwomba nahodha akae na Sehemu ya Pili kwa siku zile 9, ukurasa kwa ukurasa, atuandikie ni wapi meli haifanyi inachosema. Siku ya tatu barua pepe yake ilifika. Mistari yake miwili ya kwanza niliisoma mara tatu: mikataba ya ajira ya mabaharia 11 waliobaki ilimtaja msimamizi wa zamani kama mwenye meli. Yaani kwa miezi mitano tulikuwa tukiwalipa na kuwaamuru watu ambao kwenye karatasi hawakuwa wa kwetu. Kama mmoja wao angevunjika mguu, angemdai nani?

Kuhusu saa za mapumziko nahodha aliandika neno moja: safi.

## Juu ya meza ya mesi

Mkaguzi alipanda siku ya 161. Hakuanza na faili la vyeti. Aliomba logibuku ya sitaha, yaani kitabu cha kumbukumbu za kazi za meli, na majedwali ya mapumziko ya bandari iliyotangulia, akaviweka sambamba juu ya meza ya mesi, chumba cha kulia cha mabaharia, akachukua penseli.

Logibuku ilisema usiku fulani meli ilihamishwa gati, kazi ya kamba za kufungia meli ikaanza saa 8:10 usiku na kwisha saa 10:40 alfajiri. Penseli ikahamia kwenye jedwali la baharia mmoja wa sitaha. Siku hiyo alikuwa na zamu ya shehena kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Jedwali lilionyesha kwamba kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi alikuwa amelala.

Aliitwa.

"Usiku ule kamba za nyuma alishika nani?"

"Mimi na mwenzangu, bwana mkaguzi."

"Na hapa umelala."

Baharia alimtazama chifu, chifu akatazama meza.

Hesabu ya kweli ya saa 24 za yule kijana ilikuwa hivi: saa 6 za mchana, saa 2 na dakika 10 kabla ya kamba, saa 1 na dakika 20 baada yake. Jumla saa 9 na nusu, katika vipande vitatu. Mkataba unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika saa 24 na saa 77 katika siku 7, yasigawanywe katika vipande zaidi ya viwili, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Upungufu wa nusu saa na kipande kimoja cha ziada si maafa. Kilichomkunja uso mkaguzi ni kwamba karatasi ilidai halikutokea lolote.

Halafu akafungua Sehemu ya Pili yetu na kusoma kwa sauti: kila baharia hujaza saa zake mwenyewe kila siku na kutia sahihi. Ukweli ni kwamba chifu alijaza kompyuta mwisho wa mwezi, watu 19 kwa mkupuo, programu ikimwonyesha rangi nyekundu palipo na kasoro, naye akisogeza saa mpaka wekundu uishe. Mabaharia walitia sahihi siku ya mshahara. Hakufanya hivyo kwa hila ya kumdhulumu mtu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na afisa aliyemtangulia, na ofisi ilikuwa ikimsifu kwa majedwali yasiyo na doa.

Jikoni kisa kilikuwa chepesi kidogo. Sehemu ya Pili ilisema msaidizi wa mpishi huandika joto la friji asubuhi na jioni. Mkaguzi akauliza msaidizi yuko wapi. "Ni mimi na mikono yangu miwili," akajibu mpishi, mwenye cheti halali na jiko linalong'aa. Ile meli ya mabaharia 23 ndiyo iliyokuwa na msaidizi. Tuliahidi pia kwamba nahodha hukagua chakula, maji ya kunywa na jiko kila siku 7. Mkataba unataka ukaguzi wa mara kwa mara wenye kumbukumbu, na bendera yetu iliridhika na mara moja kwa mwezi. Nahodha alikagua takriban kila siku 12, zaidi ya alivyodaiwa na sheria na pungufu ya alivyodaiwa na sisi. Dosari ikaandikwa.

Ya nne ilikuwa ukutani. Utaratibu wa malalamiko uliobandikwa mesini ulikuwa na anwani za bendera ya zamani na simu ya kampuni ya zamani. Kila baharia anatakiwa kupewa nakala yake, yenye mawasiliano ya mamlaka ya bendera na ya nchi anakoishi, pamoja na jina la mtu melini anayeweza kumshauri kwa siri. Mabaharia wetu 8 wapya walikuwa na nakala sahihi. Wale 11 hawakuwa nayo.

Maeneo 12 yaliyobaki yalipita bila neno. Zile dhamana mbili za kifedha, ambazo meli nyingi hukwama nazo, zilikuwa zimebandikwa zikiwa na jina sahihi, si kwa ustadi wetu bali kwa sababu kampuni ya bima ilikataa kuanza bima bila kuzibadili.

## Siku tano za kurekebisha

Mkaguzi alitaka mikataba ya ajira na utaratibu wa malalamiko vifungwe kabla hajatia sahihi. Mapumziko na Sehemu ya Pili alikubali vifungwe kwa mpango ulioandikwa, kwa sharti aone rekodi za siku tano za kwanza na rasimu mpya.

Mikataba mipya tuliituma usiku uleule, tukitarajia sahihi 11 kufikia asubuhi. Tulipata 9. Wawili walikataa. Ofisini neno la kwanza lililosikika ni ukaidi. Nahodha, kwa bahati, aliwauliza badala ya kuwasukuma, na ikaonekana kwamba mkataba mpya ulipunguza saa za ziada zenye malipo ya uhakika, jambo ambalo wale 9 hawakuliona kwa kuwa walisaini wakitoka zamu. Mkataba wa 2006 unataka baharia apewe nafasi ya kuusoma mkataba wake na kutafuta ushauri kabla ya kusaini. Tulikuwa tumetoa saa nane, zote za usiku. Tukarudisha masharti ya zamani kwa wote 11, tukahesabu utumishi wao tangu walipopanda meli, siyo tangu makabidhiano, maana likizo na haki ya kurudishwa nyumbani vinategemea hesabu hiyo. Sahihi zikakamilika siku ya 164.

Uamuzi uliozua mabishano zaidi ulihusu majedwali ya nyuma. Chifu, akitaka kusahihisha kosa lake, alijitolea kukesha ayaandike upya ya miezi yote mitano yalingane na logibuku. Wengine ofisini waliliona jambo jema. Tulikataa. Saa ambazo hakuna aliyeziandika siku yake haziwezi kuandikwa leo zikawa kumbukumbu. Tungekuwa tumeghushi mara ya pili, safari hii kwa nia nzuri. Majedwali ya zamani yaliachwa yalivyo, nahodha akaambatisha maelezo yaliyosainiwa kueleza yalivyojazwa, na kuanzia siku hiyo kila baharia akaandika mwenyewe kwa kalamu kwenye karatasi iliyotundikwa mlangoni mwa mesi.

Sehemu ya Pili niliiandika upya nikiwa kwenye simu na nahodha na mpishi, sentensi baada ya sentensi, swali likiwa moja: nani anafanya hili hapo kwenu, na anaandika wapi? Palipokuwa hakuna jibu, sentensi ilifutwa au mtu akapewa kazi. Kutoka kurasa 22 zilibaki 9.

Cheti kamili kilitolewa siku ya 166. Cheti cha muda kilikuwa na siku 16 za kuishi.

## Mwaka uliofuata: lalamiko

Mwezi wa kwanza wa majedwali ya kweli ulileta mapungufu 14 ya mapumziko. Ofisini kulikuwa na taharuki. Mkurugenzi mmoja aliuliza kwa nini meli imeharibika baada ya kupata cheti. Haikuharibika. Ilianza kusema. Karibu mapungufu yote yaliangukia kwenye bandari zenye kuhamishwa gati usiku, na kwa mara ya kwanza tukaweza kuyatazama. Chifu akabadili mpango: aliyemaliza zamu ya jioni haitwi kwenye kamba, anaenda serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, na fundi mmoja wa injini. Pale isipowezekana, mapumziko ya fidia hutolewa siku inayofuata na kuandikwa. Mwezi wa nne mapungufu yalishuka hadi 3.

Mwezi wa 13 mkaguzi wa nchi ya bandari alipanda bila taarifa. Palikuwa na lalamiko. Hakusema la nani, na hatakiwi kusema. Lilihusu ile sehemu ya mshahara ambayo baharia huagiza itumwe nyumbani. Tulipobadili benki ofisini, faili la akaunti za familia tatu halikuhamishwa. Fedha zilikatwa kwenye mshahara, karatasi ya malipo melini ikaonyesha zimetumwa, nyumbani hazikufika kwa miezi miwili.

Tafakari uzito wake. Mshahara unatakiwa kulipwa kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Na kutolipwa mshahara wa mkataba kwa miezi miwili au zaidi ni mojawapo ya dalili ambazo Mkataba unazitumia kutambua baharia aliyetelekezwa. Sisi hatukumtelekeza mtu, tulizembea faili, lakini mke anayedaiwa kodi ya nyumba hajui tofauti hiyo.

Kwa kuwa lilikuwa lalamiko, mkaguzi alikuwa na haki ya kuchimba zaidi, naye alichimba. Akaomba majedwali ya mapumziko. Akakuta mapungufu yameandikwa, kila moja na sababu na fidia yake. Akayasoma, akauliza maswali mawili, akayarudisha. Kuhusu mishahara aliandika dosari ya kurekebishwa kabla ya kuondoka. Tulilipa siku ileile, tukamwonyesha uthibitisho wa benki kesho yake, meli ikaondoka bila kuzuiliwa.

Ofisini likazuka swali la nani alilalamika. Nilikataa swali hilo lisipelekwe melini, na namshukuru nahodha kwamba alikuwa amekwisha kulikataa kabla yangu. Mkataba unakataza baharia kuonewa kwa sababu ya lalamiko, na kumtafuta tu ni nusu ya kumwonea. Baadaye tulimjua kwa kuwa alijisema mwenyewe, kwa nahodha, akiwa ameshalipwa. Alitokea chumba cha injini. Nahodha akamuuliza kwa nini hakutumia utaratibu wa melini. Akajibu kwamba mtu aliyetajwa kwenye karatasi ya ushauri ni chifu, na chifu ndiye anayepitisha saa zake za ziada.

## Ukaguzi wa kati

Ukaguzi wa kati tuliufanya mwezi wa 27 tangu cheti kutolewa, mapema ndani ya dirisha la mwaka mzima. Nilikuwa nimejifunza. Sahihi ya mkaguzi kwa ukaguzi huo isipowekwa kwa wakati, cheti cha miaka 5 kinakoma kuwa halali, hata kama tarehe yake ukutani ingali mbali.

Ulichukua nusu siku. Mkaguzi aliandika angalizo moja: bendera ilikuwa imetoa Sehemu ya Kwanza iliyohuishwa miezi minne kabla, nasi hatukuwa tumeigusa Sehemu ya Pili kulingana nayo. Nakala ilikuwa kwenye barua pepe yangu, haijafunguliwa.

## Tulipopatia na tulipokosea

Kosa la kunakili nalihesabu kuwa mama wa mengine, na halikuwa la haraka tu. Niliiona Sehemu ya Pili kama fomu ya kupita kwa klasi, nikasahau kwamba ndiyo karatasi pekee katika mfumo huu ambayo mwenye meli huandika kwa maneno yake. Mkaguzi hapimi meli kwa sheria peke yake. Anaipima kwa ulichosema wewe. Nahodha aliyekagua jiko kila siku 12 hakuvunja sheria yoyote ya bendera. Mimi ndiye niliyemfanya mkosaji, kwa sentensi niliyoipenda kwa sababu ilisikika vizuri.

Kuchelewa kwa ukaguzi wa kwanza kulitokana na hesabu mbaya. Tulihesabu miezi 6 kama muda tulio nao. Ukitoa miezi 2 ya kusubiri Sehemu ya Kwanza, mwezi wa kupitiwa hati, na safari ambazo si sisi tunaozipanga, ulibaki muda wa jaribio moja na nusu. Sasa ombi la Sehemu ya Kwanza linatoka kabla ya makabidhiano, na tunapanga bandari mbili za ukaguzi, ya pili ikiwa akiba.

Mikataba ile 11 sitaki kuipitisha kirahisi. Hakuna mtu ofisini aliyeiona, kwa sababu kila idara ilidhani ni ya mwenzake: ajira walishughulikia watu wapya tu, vyeti tukashughulikia meli. Waliobaki melini hawakuwa wapya wala hawakuwa meli. Aliyewaona ni nahodha, na aliwaona alipopewa siku 9 na swali la wazi. Kama ningepewa kuchagua hatua moja ya kisa hiki kuibeba kwenda meli nyingine, ningebeba hiyo.

Kukataa kuandika upya majedwali kulitulipa baadaye, mbele ya mkaguzi wa bandari, ingawa siku ile hakuna aliyejua. Wapo maofisa wanaoamini kwamba mkaguzi hupenda jedwali jeupe. Niliowaona mimi hulishuku. Meli inayofanya kazi bandarini usiku na mchana kwa miezi mitatu bila pungufu hata moja ama ina watu wengi ajabu, ama ina mtu mmoja hodari wa kompyuta.

Utaratibu wa malalamiko ulifanya kazi upande wa karatasi na kushindwa upande wa watu. Tulifunga dosari ya anwani, hatukuuliza kama aliyetajwa ni mtu ambaye baharia angemwendea. Sasa kuna majina mawili, moja la sitaha na moja la injini, yanayochaguliwa na mabaharia wenyewe, na simu ya nchi kavu isiyopita kwa idara ya mishahara. Tangu hapo yamekuja malalamiko matano kwa njia hiyo. Mkurugenzi yule yule aliuliza tena kama meli imeharibika.

Lililobaki wazi ni la watu. Kwenye bandari zenye kuhama gati zaidi ya mara moja kwa usiku, mpango wa chifu hautoshi: serahangi na fundi nao wanahitaji kulala. Cheti cha idadi ya chini ya mabaharia kimetimizwa na kuzidi, lakini idadi ile ilipangwa kwa usalama wa safari, si kwa usiku wa kamba mbili. Meli inahitaji baharia mmoja zaidi wa sitaha. Nahodha ameomba mara tatu, kila ombi likiwa na majedwali ya kweli nyuma yake, na ofisi imejibu mara mbili kwamba inaangalia. Ombi la tatu liko mezani kwangu, na bandari inayofuata ni ya kuhama gati.